UZI: Neno "rasemi" la kemia lilitoka kwenye zabibu, na halimaanishi "taswira ya kioo"

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, kuna neno moja la kemia ambalo wanafunzi wa kidato cha sita, na hata baadhi ya walimu wao, hulitumia kana kwamba halina tofauti na maneno yanayokaa karibu nalo. Neno hilo ni rasemi. Utasikia mtu akisema kwamba molekuli fulani "ni rasemi", akikusudia kwamba molekuli hiyo ina pacha wake anayefanana naye kama sura inayoonekana kwenye kioo. Matumizi hayo si sahihi. Molekuli moja haiwezi kuwa rasemi hata kidogo. Kinachoweza kuwa rasemi ni mchanganyiko, au fuwele, au chupa nzima ya dawa, ambamo molekuli za upande mmoja na za upande wa pili zimo kwa idadi sawa. Historia ya neno lenyewe inaeleza jambo hili kuliko fasili yoyote ya kitabuni, nayo ina kichekesho ndani yake: jina lilitolewa kwa heshima ya zabibu, ilhali zabibu haitengenezi kitu kilichopewa jina hilo.

Kwanza tutenganishe maneno matatu. Ukiinua viganja vyako viwili vikatazamana, kimoja ni sura ya kioo ya kingine; lakini ukijaribu kukiweka kimoja juu ya kingine vyote vikitazama chini, kidole gumba kinaangukia upande wa kidole cha mwisho. Umbo lenye tabia hiyo, la kutoweza kulingana na sura yake ya kioo, huitwa kirali, kutoka neno la Kigiriki cheir, yaani mkono. Aliyelileta neno hilo katika sayansi ni William Thomson, ambaye wengi wanamfahamu kwa jina la Lord Kelvin, katika mhadhara alioutoa Oxford mwaka 1893. Neno la pili ni enantioma, kutoka Kigiriki enantios, kinyume au kinachokabili, nalo ni jina la kila mmoja wa mapacha hao wawili akitajwa kwa kumlinganisha na mwenzake. La tatu ndilo rasemi, kutoka Kilatini racemus, kishada cha zabibu, asili ile ile iliyowapa Wafaransa neno lao raisin. Kwa hiyo kirali ni sifa ya umbo, enantioma ni uhusiano wa wawili, na rasemi ni hesabu: nusu kwa nusu.

Sasa twende Alsace, mashariki mwa Ufaransa, mnamo mwaka 1820 hivi. Katika mji mdogo wa Thann, familia ya Kestner ilikuwa na kiwanda cha kemikali kilichotengeneza, miongoni mwa vitu vingine, asidi tatariki, ambayo ilihitajika sana katika viwanda vya kutia nguo rangi vya eneo hilo. Malighafi yake ilikuwa gamba gumu linaloganda ndani ya mapipa ya mvinyo. Ikatokea kwamba, pamoja na fuwele kubwa za asidi iliyotarajiwa, zilianza kujitokeza fuwele nyingine ndogo za asidi ambayo haikuwa imekusudiwa. Leo tunaelewa kwa nini ilijitenga yenyewe: katika nyuzi joto 20, mililita 100 za maji huyeyusha zaidi ya gramu 130 za asidi tatariki ya kawaida, lakini huyeyusha gramu 20 hivi tu za ile asidi ngeni, kwa hiyo ngeni huganda mapema. Mkemia Joseph Louis Gay-Lussac aliichunguza na, mwishoni mwa miaka ya 1820, akaipa jina la asidi rasemi, yaani asidi ya kishada cha zabibu. Wajerumani nao waliiita Traubensäure, jina lenye maana hiyo hiyo. Kwa wakati ule jina halikuwa na kosa lolote, kwa kuwa kila kitu kilichoingia kiwandani kilitoka kwenye zabibu.

Mwaka 1830 Jöns Jacob Berzelius wa Sweden alithibitisha kwamba asidi rasemi na asidi tatariki zina elementi zile zile kwa uwiano ule ule, na hali hiyo ya vitu viwili tofauti kuwa na viungo sawa ndiyo iliyomfanya abuni neno isoma, ambalo kila mwanafunzi wa kemia analifahamu. Yeye mwenyewe alipendelea kuiita asidi ngeni paratatariki. Kisha Jean-Baptiste Biot, aliyekuwa ametumia miaka mingi kuchunguza jinsi vimiminika vya asili ya viumbe vinavyogeuza mwanga uliochujwa ukabaki unatetema katika bapa moja, akakuta kwamba asidi tatariki hugeuza bapa hilo kwenda kulia, lakini asidi rasemi haiugeuzi mwanga kabisa. Mwaka 1844 Eilhard Mitscherlich akaongeza utata: alitangaza kwamba chumvi za sodiamu na amonia za asidi hizo mbili zina umbo moja la fuwele, uzito mmoja, pembe zile zile, na kwamba tofauti pekee ni hiyo ya mwanga. Vitu viwili vinavyofanana kwa kila kipimo, kimoja kinageuza mwanga na kingine hakigeuzi!

Hapo ndipo anapoingia Louis Pasteur, kijana wa miaka 25 aliyekuwa akifanya kazi École Normale mjini Paris mwaka 1848. Wengi tunamjua kwa chanjo na maziwa, lakini jambo lililomtoa gizani lilikuwa hili la asidi ya zabibu. Alitarajia kwamba fuwele za chumvi ya asidi tatariki zingekuwa na vijiuso vidogo vilivyoinamia upande mmoja, na kwamba za asidi rasemi zisingekuwa navyo, na hivyo Mitscherlich angekuwa amepitiwa tu. Alipotazama, fuwele za tatariki kweli zilikuwa na vijiuso hivyo. Lakini za rasemi nazo zilikuwa navyo. Tofauti ni kwamba baadhi yake viliinamia kulia na baadhi kushoto. Akazitenga kwa mkono, moja baada ya nyingine, akapata mafungu mawili, akayayeyusha kando kando. Fungu la kulia liligeuza mwanga kulia, sawasawa na asidi tatariki ya kawaida. Fungu la kushoto liligeuza mwanga kushoto kwa kiasi hicho hicho, na asidi ya namna hiyo haikuwa imewahi kuonekana na mtu yeyote. Alipochanganya uzito sawa wa mafungu yote mawili, mgeuko ukafutika.

Biot, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 74, hakuridhika kwa kusimuliwa. Alimwita Pasteur, akampa asidi rasemi aliyoichunguza yeye mwenyewe, akamtaka atengeneze chumvi na kuchambua fuwele mbele ya macho yake, kisha akachukua kazi ya kuandaa myeyusho na kupima mikononi mwake. Akaanza kupima ule wa kushoto, kwa kuwa huo ndio uliokuwa habari mpya. Ulipogeuza mwanga kama ilivyodaiwa, mzee alimshika kijana mkono kwa hisia nyingi.

Kwa maoni yangu, katika kisa hiki watu husifu zaidi macho ya Pasteur kuliko wanavyotaja bahati yake. Chumvi ile ya sodiamu na amonia hujigawa katika fuwele za kulia na za kushoto ikigandishwa chini ya nyuzi joto 27 hivi tu. Juu ya hapo, kulia na kushoto huingia pamoja ndani ya kila fuwele na hapana kibano kitakachozitenganisha. Tena sehemu kubwa ya michanganyiko ya namna hii hujifunga kwa mtindo huo wa pamoja katika joto lolote. Kazi hiyo hiyo ikifanyiwa Dar es Salaam mwezi wa Januari bila kipoza hewa, huenda isingetoa kitu.

Baada ya hapo neno likahama. Asidi rasemi haikuwa tena asidi ya pekee yenye jina lake. Ilikuwa ni asidi tatariki ya kulia na ya kushoto kwa kiasi sawa. Mwaka 1874 Jacobus van 't Hoff na Joseph Le Bel, kila mmoja kwa njia yake, wakaeleza kwamba chanzo ni kaboni iliyoshika makundi manne tofauti yanayoelekea pembe nne za piramidi, na ikadhihirika kwamba hali hiyo inaweza kuwapo katika maelfu ya kampaundi. Kufikia mwisho wa karne ya 19 wakemia walikuwa wanaita rasemi mchanganyiko wowote wa nusu kwa nusu, hata kama hauna uhusiano na tunda lolote. Jina la dutu moja likawa jina la hali. Ndiyo maana nasisitiza kwamba hesabu ile ya nusu kwa nusu haiwezi kung'olewa kutoka katika maana yake.

Mchangiaji kutoka Dodoma

Asante kwa uzi huu, mwalimu. Huku kwetu zabibu ndiyo kilimo chetu, na wanaosindika mvinyo wanalijua vizuri hilo gamba la kwenye matangi. Swali langu: umesema zabibu haitengenezi asidi rasemi. Basi kule Thann ilitoka wapi, ikiwa malighafi ilikuwa zabibu tupu?

Mwanzisha uzi

Swali zuri, ndugu yangu. Mzabibu hutengeneza asidi tatariki ya upande mmoja tu, ile inayogeuza mwanga kulia, kwa sababu vimeng'enya vinavyoijenga ndani ya mmea ni vya kirali navyo. Gamba la kwenye matangi yenu ni chumvi ya potasiamu ya asidi hiyo hiyo ya kulia. Ukwaju, ambao uchachu wake unatokana kwa kiasi kikubwa na asidi tatariki, nao ni wa upande huo huo. Kule kiwandani kilichobadilisha mambo ni moto. Asidi tatariki ikichemshwa kwa muda mrefu na kwa ukali, makundi yaliyoshikwa na kaboni zake huachia na kurudi upande usio wao, na taratibu sehemu ya kulia hugeuka kushoto mpaka pande zote zikaribiane. Mwaka 1853 Pasteur alifanya hivyo kwa makusudi, kwa kupasha moto chumvi ya asidi tatariki na sinkonini, alkaloidi inayotoka kwenye gome la mti ule ule unaotoa kwinini, na Chama cha Wafamasia cha Paris kikampa tuzo ya faranga 1,500 kwa kuweza kuitengeneza asidi rasemi. Mwaka uliotangulia alikuwa amesafiri mpaka Leipzig, Vienna na Prague akiuliza viwandani ilikokuwa inapatikana. Kwa ufupi, asidi ya kishada cha zabibu ni zao la sufuria.

Mwanafunzi wa famasia

Shikamoo mwalimu. Nimefuatilia uzi tangu mwanzo na nina mambo mawili. La kwanza, tulifundishwa kwamba kwinini na kwinidini ni mfano mzuri wa enantioma: moja hutibu malaria, nyingine hutuliza mapigo ya moyo yaliyovurugika. Je, mtu akizichanganya nusu kwa nusu atapata rasemi? La pili, herufi D na L, na alama za kujumlisha na kutoa, na R na S, zote zinaonekana kusema jambo moja. Kwa nini tuna mifumo mitatu?

Mwanzisha uzi

Marahaba. Nianze na kwinini, kwa sababu mfano huo umesambaa sana na una kasoro. Molekuli ya kwinini ina vituo kadhaa vya kirali, yaani sehemu kama ile kaboni iliyoshika makundi manne tofauti. Ili kwinidini iwe enantioma yake, ingepaswa kuwa kinyume chake katika kila kituo bila kubakiza hata kimoja. Sivyo ilivyo: zinapingana katika vituo viwili, vile vilivyo karibu na kundi la haidroksili, na katika vilivyobaki zinafanana. Isoma za namna hiyo huitwa diastereoma. Hazina taswira ya kioo baina yao, na ndiyo maana hata joto la kuyeyuka na uwezo wa kuyeyuka majini hutofautiana, jambo ambalo enantioma mbili haziwezi kulionyesha. Ukizichanganya nusu kwa nusu utapata mchanganyiko wa dawa mbili, na jina rasemi halitastahili.

Kuhusu herufi: alama za kujumlisha na kutoa ni za kipimo, yaani mwanga umegeuka kulia au kushoto ndani ya chombo cha kupimia. D na L, kutoka Kilatini dexter na laevus, leo hueleza umbo kwa kulilinganisha na molekuli ya rejea, gliseraldehaidi, si mwelekeo wa mwanga. R na S, kutoka rectus na sinister, hutokana na kanuni za kupanga makundi kwa namba za atomiki za atomu zake, kanuni zilizowekwa na Cahn, Ingold na Prelog, na karatasi yao ya mwaka 1966 ndiyo iliyochangia sana kulifufua neno la Kelvin la ukirali, ambalo wakemia walikuwa wameliacha lilale kwa miongo mingi. Mifumo hii haifuatani. Asidi tatariki ya zabibu ni mfano unaotosha: hugeuza mwanga kulia, kwa hiyo ni ya kujumlisha, lakini kwa umbo huitwa L, na vituo vyake vyote viwili ni R.

Mwanafunzi wa famasia

Nimekuelewa, mwalimu. Je, miongoni mwa dawa tunazozitoa kila siku dirishani zimo zilizo rasemi kweli, au ni jambo la vitabuni?

Mwanzisha uzi

Zimo nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kidonge cha mseto cha malaria chenye miligramu 20 za atemeta na miligramu 120 za lumefantrini kina hali zote mbili ndani yake. Atemeta inatokana na atemisinini, iliyojengwa na mmea, kwa hiyo inakuja na umbo moja tu. Lumefantrini imejengwa maabara na hutolewa ikiwa rasemi. Sababu ya tofauti hiyo ni rahisi kuieleza: mkemia anapounda kituo kipya cha kirali kwa kutumia vitendanishi visivyo vya kirali, hapana kinachousukuma mmenyuko uelekee upande mmoja, na molekuli zikiwa mabilioni kwa mabilioni pande zote mbili hujikuta zimelingana. Ibuprofeni ya kawaida nayo ni rasemi, ingawa kazi kubwa ya kutuliza maumivu ni ya umbo la S, na mwili wenyewe hugeuza sehemu kubwa ya umbo la R kuwa S. Levofloksasini, inayotumika katika kifua kikuu sugu, ni nusu moja ya ofloksasini iliyotengwa ikatolewa peke yake, na hilo "levo" la mwanzo ni laevus ile ile ya Kilatini.

Mfano unaotugusa zaidi ukanda huu wa maziwa makuu ni prazikwanteli, dawa ya kichocho. Ni rasemi. Umbo la R ndilo linaloua minyoo. Umbo la S linachangia sana ule uchungu unaowafanya watoto waiteme na kuongeza ukubwa wa kidonge cha miligramu 600. Ndiyo maana ikatengenezwa aprazikwanteli, yenye umbo la R tu, katika kidonge cha miligramu 150 kinachoyeyuka majini kwa ajili ya watoto wa kuanzia miezi mitatu hadi miaka sita. Majaribio yake ya awamu ya tatu yalifanyika Kenya na Côte d'Ivoire, na Wakala wa Dawa wa Ulaya ukatoa maoni ya kuiunga mkono Desemba 2023. Hapo neno rasemi linaacha kuwa msamiati wa mtihani, kwa sababu kuondoa nusu ya mchanganyiko kunamfanya mtoto wa kando ya ziwa aimeze dawa badala ya kuitema.

Mchangiaji mwingine

Naomba kuongeza kisa cha thalidomaidi, iliyouzwa mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi 1961 na kusababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo vilivyodumaa. Ilikuwa rasemi. Kama wangeuza upande ule salama peke yake, janga lisingetokea.

Mwanzisha uzi

Nakushukuru kwa kuigusa, lakini hitimisho hilo halisimami, ijapokuwa limo katika vitabu vingi. Thalidomaidi hujigeuza yenyewe ndani ya damu: ukimpa mtu umbo moja tu, baada ya saa chache maumbo yote mawili yamo mwilini, kwa kuwa hidrojeni iliyo kwenye kituo chake cha kirali hung'oka na kurudi kwa wepesi. Ni urasemishaji ule ule wa sufuria ya Thann, isipokuwa huu hauhitaji moto mkali. Joto la mwili linatosha. Kutenga maumbo kusingewaokoa watoto wale.

Mchangiaji kutoka Dodoma

Nimalizie na hili, mwalimu. Kitabu cha mwanangu kinasema kuna asidi tatariki ya tatu isiyogeuza mwanga, inayoitwa meso. Kama haigeuzi mwanga, si ndiyo rasemi yenyewe?

Mwanzisha uzi

Hapana, na hapa kipimo cha mwanga kinadanganya. Rasemi haigeuzi mwanga kwa sababu molekuli za kulia zinafuta kazi ya molekuli za kushoto ndani ya chombo kimoja. Ukiweza kuzitenga, kama alivyofanya Pasteur, kila fungu litageuza. Meso, ambayo naye Pasteur ndiye aliyeigundua, haigeuzi kwa sababu kila molekuli moja moja ina nusu mbili zinazokabiliana: kituo kimoja ni R na kingine ni S, na bapa la ulinganifu linapita katikati. Hakuna cha kutenga. Unaweza kuzitofautisha hata bila kifaa cha mwanga, kwa kupima joto la kuyeyuka: asidi rasemi iliyokaushwa huyeyuka karibu na nyuzi 206, ya zabibu karibu na nyuzi 170, na meso karibu na nyuzi 140. Mwambie kijana kwamba akiona kwenye chupa ya maabara pameandikwa DL, au rac, au alama ya kujumlisha na kutoa zikiwa pamoja, hiyo ni rasemi. Na ile nyingine huandikwa meso waziwazi.